Kabla hujambishia mjomba wako kuhusu Star Trek

Mwaka 2017, ilipotoka Discovery, tamthilia mpya ya Star Trek (zile hadithi za meli za anga za juu), mimi na mjomba tulinuniana karibu miezi miwili. Chanzo ni vichwa vya Waklingoni, wale wapiganaji wa sayari nyingine.

Mjomba ni mtu wa enzi za deki. Baharia mmoja alimletea mikanda ya The Next Generation, tamthilia ya zamani ya Star Trek, akairudia mpaka picha zikawa zinachezacheza. Sasa nikamwonyesha Waklingoni wapya, hawana hata unywele mmoja, sura kama zimefinyangwa jana. Akaifunga laptopu yangu kwa mkono wake. “Anko, hawa siyo. Hawa siyo kabisa.” Nami nikamwambia uzee unamsumbua. Hapo ndipo nilipoharibu.

Shabiki mkongwe usimguse umri. Kama lazima ubishe, bisha kwa Star Trek yenyewe, maana ugomvi huu ni wa kurithi. Waklingoni wa miaka ya 1960 walikuwa na mapaji laini kama yetu. Matuta ya paji la uso yalikuja na filamu ya 1979, na hakuna aliyejisumbua kutueleza sababu mpaka 2005, tamthilia nyingine, Enterprise, ilipokuja na habari za kirusi cha maradhi. (Kirusi! Miaka yote hiyo.) Hiyo Next Generation anayoiapia mjomba, ilipoanza 1987 watu wa Kirk na Spock, wale wa tamthilia ya kwanza, waliinunia: nahodha gani huyu mwenye upara, Mfaransa mwenye Kiingereza cha London? Deep Space Nine ya 1993 ikasutwa kwamba ni safari ya nyota isiyokwenda popote, watu wamekaa kituoni.

Nilimmwagia yote hayo kwenye WhatsApp. Tiki mbili za bluu, kimya.

Kilichosaidia ni swali. Nilimwendea Jumapili, nikampa shikamoo yake, nikamuuliza ni episodi ipi anayoikumbuka kuliko zote. Akanihadithia ile ambayo Picard, yule nahodha mwenye upara, anaishi maisha mazima ya mtu mwingine kwa dakika chache tu za melini, anazeeka, anapata wajukuu, anajifunza kupiga filimbi. Aliitazama na babu, akimtafsiria neno kwa neno. Babu, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema, “Huyo mtu arudishwe kwa wajukuu zake.” Mimi nilikuwa nabishana na mkanda huo bila kujua.

Na ukikuta mwenzio kasema kweli, mpe haki yake. Msimu wa kwanza wa Discovery una mazungumzo marefu ya Kiklingoni yanayochosha, na mwaka 2019 watengenezaji wenyewe wakawaotesha Waklingoni nywele. Nilimpelekea mjomba picha, akajibu kwa vidole gumba vitatu. Yeye naye, nilipombana, alikiri kwamba Next Generation huianzia msimu wa tatu, ile miwili ya mwanzo haiwezi. Basi na tamthilia mpya uipe angalau msimu mzima kabla ya kuizika.

Siku hizi tunatazama Strange New Worlds, Star Trek nyingine mpya, pamoja, bando langu, chai yake. Humo Uhura, yule dada wa mawasiliano wa enzi za Kirk, bado kijana, jina lake lile lile lililochongwa kutoka uhuru wetu, na kwao ni Kenya. Mjomba hana neno na Waklingoni tena. Anachotaka kujua ni kwa nini asitoke Tanga.