Kuacha jiko la moshi la umeme usiku kucha

Unaweza kulala jiko hili la kuivisha nyama polepole kwa moshi wa mbao likiendelea, mradi liko nje, mahali pakavu na mbali na ukuta. Ni la umeme, sawa, lakini vipande vya mbao vikifuka hutoa kaboni monoksaidi, kwa hiyo gereji hata yenye mlango wazi haifai. Mimi naogopa zaidi mafuta yanayodondoka kutoka kwenye nyama: safisha trei kabla ya kuanza, maana yakifurika na kugusa koili, moto huo. Chomeka moja kwa moja ukutani. Baada ya saa moja shika plagi, ikiwa ya moto zima. Weka nyuzi 110 hivi, na kipimajoto chenye kengele ya kukuamsha joto likishuka. Umeme ukikatika usiku, nyama iliyolala saa nyingi chini ya nyuzi 60 itupe tu.