Maswali ya Wafugaji: Namba Ndogo Si Lazima Iwe Dawa Kali

SWALI: Ute wa pua ya ndama wangu anayekohoa ulipelekwa maabara, akapatikana bakteria Mannheimia haemolytica. Karatasi inasema penisilini 1, tulathromaisini 8. Mbona daktari ameiacha yenye namba ndogo akachoma hiyo nyingine? Na namba hizi hupatikana vipi? – Mfugaji, Kisauni

JIBU: Ndugu mfugaji, hapo iliyoshindwa ni penisilini. Namba hiyo ni kiasi kidogo kabisa cha dawa, kwa mikrogramu katika mililita moja, kilichomzuia bakteria asikue, na kila dawa ina mpaka wake. Kwa bakteria huyu wa ng'ombe, penisilini hukubalika ikiwa 0.25 au chini. Ikifika 1 ni usugu. Tulathromaisini hukubalika hadi 16, kwa sababu hujikusanya mapafuni kuliko kwenye damu.

Dawa ya zamani au mpya, upimaji ni uleule. Sahani ya vishimo 96 hutiwa maji ya lishe ya Mueller-Hinton yenye dawa iliyopunguzwa nusu kwa nusu: 64, 32, 16, hivyo hivyo kushuka. Bakteria waliooteshwa usiku uliotangulia huchanganywa na maji ya chumvi hadi ukungu wa McFarland 0.5 (kipimo cha wingi wa bakteria), kisha huzimuliwa hadi kila kishimo kibaki na takriban 500,000 kwa mililita. Sahani hukaa kwenye nyuzi 35 kwa saa 18 hadi 24. Kishimo chenye dawa kidogo zaidi kilichobaki bila ukungu ndicho jibu.

Kuharibu ni rahisi. Bakteria wakizidi, dawa nzuri huonekana mbovu. Kabati la joto likiwa na kabonidayoksaidi, lishe huingia asidi na tulathromaisini hudhoofika. Ndiyo maana hupimwa sambamba bakteria wa kulinganishia, ambaye namba zake zinajulikana. Akitoka nje ya kiwango chake, majibu yote hutupwa, hata yakipendeza vipi.

SWALI: Majibu hayo yanafaa kwa kila kikohozi? – Huyo huyo

JIBU: La. Mycoplasma, bakteria mwingine aletaye kikohozi, hana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haina pa kumshika, wala haoti kwenye lishe hiyo. Sampuli ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza, na ikienda maabara ya Mariakani iwe ndani ya kikasha cha barafu. Joto letu la Pwani halina huruma. Tulathromaisini usimchome ng'ombe ambaye maziwa yake yananywewa na watu.