Je, Muislamu anaweza kulala kwenye monasteri ya Mlima Sinai?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mwanafunzi hapa Cairo, kwetu Tanga. Mitihani ikiisha, mimi na mke wangu tunataka kwenda Sinai kuuona Mlima wa Musa. Waliotutangulia wanasema pa kulala pazuri ni nyumba ya wageni ya monasteri ya Mtakatifu Katerina, iliyo kando ya ukuta wake. Jirani yetu mmoja amenikemea: kulala kwa watawa haramu, na safari yenyewe haifai kwa sababu Mtume (s.a.w.) ametaja misikiti mitatu tu ya kufungiwa safari. Mwingine ananihimiza niende, eti Mtume mwenyewe aliwapa watawa wale barua yenye alama ya kiganja chake, na kusali pale kuna baraka ya pekee. Nimshike yupi? Na sala zetu je, na chakula chao?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Nendeni. Yaliyobaki ni masharti. Ila yule aliyekukemea usimcheke, maana hoja yake haikutoka mfukoni mwake. Ana hadithi, tena inayohusu mlima huohuo.

Imam Malik amepokea katika kitabu chake Muwatta kwamba Abu Hurayra (r.a.) alikwenda Turi, yaani Mlima wa Sinai, na aliporudi akakutana na Basra bin Abi Basra al-Ghifari. Basra akamuuliza: watoka wapi? Akajibu: natoka Turi. Basra akamwambia, lau ningekuwahi kabla hujatoka, usingetoka. Kisha akamsomea hadithi ya misikiti mitatu: Makka, Madina na Baytul Maqdis. Kwa hiyo swali lako lina umri wa karne kumi na nne, na aliyesafiri alikuwa swahaba.

Wanazuoni wetu wa Kishafii wameifahamu hadithi hiyo kwa njia mbili, na kichekesho ni kwamba waliokhalifiana ni baba na mwanawe. Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni alisema kufunga safari kwenda penginepo ni haramu. Mwanawe, Imamul Haramayn, akasema si haramu wala si makuruhu. Maana ya hadithi ni kwamba fadhila kamili ya safari iko kwenye misikiti ile mitatu. Imam Nawawi akaipa nguvu kauli ya mwana. Na hata waliokaza kamba walikuwa wanazungumzia mtu anayekwenda kuitafuta ibada mahali maalumu. Anayekwenda kutazama, kusoma historia na kuzingatia, huyo yumo katika amri ya Qur'ani ya kutembea katika ardhi na kuangalia.

Sasa jipime mwenyewe. Ukifika ukaambiwa mlima umefungwa kwa sababu ya theluji, utasikitika kwamba umekosa kuona, au utaona kama deni la ibada limekubakia shingoni? Ikiwa ni hilo la pili, rekebisha nia kabla hujakata tiketi.

Mlima wa Sinai una heshima yake. Allah ameuapia katika Surat Tin, na sura nzima imeitwa At-Tur. Lakini Qur'ani haikutuchorea ramani. Mlima uitwao leo Jabal Musa, wenye urefu wa mita 2,285, ni ule unaotajwa na mapokezi ya watu wa pale; wapo watafiti wanaosema ni mwingine. Uzingatie, usiufanyie tawafu.

Hiyo barua nami nimeiona nakala yake nilipofika huko ujanani, na alama ya kiganja imo. Masimulizi yao yanasema asili ilichukuliwa na Sultani Selim wa Kwanza alipoiteka Misri mwaka 1517, ikapelekwa Istanbul. Kwa kipimo cha hadithi, mwanangu, barua ile haina sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, ya kutegemewa, na hatumnasibishii Mtume jambo kwa sababu linatupendeza. Mwambie rafiki yako hivyo kwa upole. Hata hivyo, maana yake ya kuwalinda watawa hatuhitaji kuiazima kwenye karatasi ile. Abu Bakr (r.a.), alipomtuma Yazid bin Abi Sufyan kwenda Sham, alimuusia: mtawakuta watu wanaodai wamejitenga kwa ajili ya Allah, waacheni na hilo walilojitengea. Nayo Surat Hajj, aya ya 40, inazitaja nyumba za watawa pamoja na misikiti miongoni mwa zile ambazo zingebomolewa lau Allah hawakingi watu kwa watu. Wale walio Sinai wamedumu tangu Mfalme Justinian wa Rumi ajenge ngome yao katika karne ya sita, na karibu muda wote huo wamekuwa chini ya tawala za Waislamu. Hata Mabedui wa kabila la Jabaliya, wanaowahudumia mpaka leo, ni Waislamu.

Kuingia ndani, basi. Bukhari ametaja kauli ya Umar (r.a.): hatuingii makanisani mwenu kwa sababu ya masanamu na picha. Akamtaja pia Ibn Abbas, kwamba alikuwa akisali kanisani isipokuwa lenye masanamu. Katika madhehebu yetu, kuingia kunahitaji idhini yao, na kusali ndani ya kanisa ni makuruhu. Idhini kwa mgeni ipo, kwani wanafungua kwa saa chache za asubuhi. Zipo siku ambazo hufunga, basi ulizeni kwanza mpange siku zenu. Picha zimejaa humo, nyingine za kale sana. Angalia kama mtu anayetazama kazi ya mikono. Usiwashe mshumaa, usibusu picha, wala usijipange na mahujaji wao wanaozuru masalia ya huyo Katerina na kupewa pete. Pete ile ni ibada yao, si zawadi ya utalii.

Kuna mti wa kijani uliotambaa ukutani, wanaosema ndio mti uliowaka moto mbele ya Nabii Musa (a.s.). Utaona watu wakinyoosha mikono wapate japo jani. Wewe tia mikono mfukoni. Umar aliliambia Jiwe Jeusi lenyewe: najua wewe ni jiwe tu, hudhuru wala hunufaishi. Jani la Sinai litakuwa na nini? Ila jambo moja lilinigusa pale. Kwenye kikanisa kilicho nyuma ya madhabahu, watawa wenyewe huvua viatu. Nikakumbuka Surat Taha: vua viatu vyako, hakika wewe uko katika bonde takatifu la Tuwa.

Mkabala na kanisa, ndani ya ukuta uleule, upo msikiti wa zama za Wafatimi. Mimbari yake ya mbao imeandikwa mwaka 500 wa Hijria, yaani 1106, na mnara wake mfupi unatazamana na mnara wa kengele. Mkiruhusiwa, salini humo rakaa mbili za maamkizi kama mnavyosali msikiti wowote. Mkiukuta umefungwa, msigombane na mtu.

Kulala nyumba ya wageni hakuna tatizo. Ni chumba cha kupanga, si kanisa. Kama kuna picha au msalaba ukutani, salini mahali ambapo haviko mbele yenu, na kibla kwa pale ni kusini-mashariki. Sisi wa Pwani miguu yetu hujielekeza kaskazini yenyewe, mwangalie. Kwa kuwa mtakaa chini ya siku nne, mtapunguza sala na mnaweza kuzikusanya. Chakula cha Ahlul Kitabi tumehalalishiwa katika Surat Maida. Nyama ulizia imechinjwa vipi, na siku za mfungo wao huenda msiione kabisa. Ikiletwa divai kwenye meza yenu, hameni meza. Hakuna haja ya hotuba.

La mwisho ndilo ninaloliogopea zaidi, wala halihusu watawa. Watu huanza kupanda mlima kama saa nane za usiku ili walione jua likichomoza. Alfajiri itawaingilia njiani, pengine kwenye zile ngazi za mawe, na kila mtu atakuwa anakimbilia kileleni na simu mkononi. Nimewaona Waislamu wakipiga picha za jua lililokwisha kutoka, na sala hawajasali. Chukueni mkeka mwepesi na chupa ya maji. Wakati wa baridi maji huuma kweli, kwa hiyo tieni udhu wa maji ya moto kabla ya kutoka, mvae khuffu za ngozi juu ya udhu huo. Msafiri anaruhusiwa kupaka maji juu yake, badala ya kuosha miguu, siku tatu na usiku wake. Kutayamamu ni kwa anayehofia madhara na hana namna ya kupasha maji, si kwa anayeona uvivu kuvua glavu. Wakati ukiingia, jitengeni pembeni mwa njia, ngamia wapite, msali.

Wallahu aalam.