Mwanangu, hao wa ukutani na hao wa kwenye unga si wamoja

Mwanangu,

Picha zako nimezipata. Unauliza kama vile vijidude vya kijivu vinavyotambaa ukutani chumbani ndivyo vinavyogeuka vipepeo vinavyoruka jikoni, na kama upulize dawa nyumba nzima. Usipulize, jikoni hasa. Hao ni nondo wa aina mbili, kila mmoja na chakula chake. Tena nondo mwenyewe anayeruka hana neno. Anayeharibu ni kiwavi wake, basi mtafute huyo.

Wa ukutani kwanza. Hicho unachokiona, bapa kama mbegu ya boga, hakizidi sentimita moja na nusu, ni nyumba tu. Mwenyewe yumo ndani. Ameifuma kwa nyuzi zake, akabandika mchanga na vumbi la ukuta wako huo huo. Kiangalie kwa karibu: kina mlango huku na huku. Ukikigusa anajificha, ukitulia anachungulia, pengine kwa upande mwingine, anashika ukuta kwa vijiguu vya mbele na kuivuta nyumba nyuma yake. Anakula utando wa buibui, nywele, wadudu waliokufa, na sufu akiipata. Anapenda unyevunyevu, kwa hiyo usishangae kumkuta bafuni na nyuma ya kabati. Dawa yake ufagio. Toa utando wote darini, sogeza kitanda, na hizo nyumba zake uzitumbukize kwenye maji ya sabuni, maana ukizisukumia nje ya mlango tu wengine watarudi na miguu yao. Mchana fungua madirisha, chumba kipate hewa.

Wa jikoni ndio wa kuwashughulikia leo. Katika picha mabawa yake yana rangi mbili: karibu na kichwa kijivu cheupe, huku nyuma rangi ya shaba. Huyo jike lake hutaga mayai mia na zaidi, na hutagia kwenye chakula: unga, mchele, karanga, hata chakula cha kuku. Fungua kila mfuko uinue unga kwa kijiko. Ukiona umeshikana mabonge, na ukilivuta bonge nyuzi nyembamba zinafuatana nalo, hapo ndipo kwao. Usiuchekeche ukaupika, chekecho linazuia kiwavi, uchafu wake na mayai vinapita. Ufunge kwenye mfuko wa plastiki, utoe nje siku hiyo hiyo. Kisha pangusa rafu, na zile pembe na matundu ya misumari usiyasahau: kiwavi akishiba huacha chakula, hupanda ukuta hadi kwenye dari akajifungia huko, ageuke nondo. Ndiyo maana watu hutupa unga, na baada ya wiki kadhaa vipepeo vipo tena.

Unga mpya, kama friza ina nafasi, ulaze humo wiki nzima, kisha utie kwenye chombo cha mfuniko unaobana. Mfuko wa dukani hauzuii kitu, wanautoboa. Na nunua kilo mbili mbili, mama. Kiroba cha kilo ishirini na tano kwa watu watatu ni kuwafugia.

Nguo usihangaike nazo sana. Kanga na vitenge vya pamba vikiwa safi, wale wa ukutani hawavitaki. Wanataka sufu, hariri na manyoya, basi ile suti ya mumeo ifuliwe, ianikwe juani, ifungwe kwenye mfuko. Majani makavu ya mwarobaini ukitaka weka, bibi yako aliyaamini. Mimi naona hayamtoi kiwavi aliyekwisha kuingia.

Lakini vile vidonge vyeupe vya kabatini, vya nafthalini, sivitaki karibu na mjukuu wangu. Mtoto atadhani peremende. Na hata asipovila, kuna watoto waliozaliwa na upungufu wa G6PD, protini inayolinda chembe nyekundu za damu, nao ni wengi katika nchi za malaria kama yetu. Nguo au blanketi lililolazwa na vidonge hivyo linaweza kuwavunjia chembe nyekundu za damu, wakapata manjano. Kama nguo zake zimekaa navyo, zifue zote na uzianike kabla hujamvisha.

Lile dude kubwa jeusi lenye macho mabawani, lililomkimbiza dada wa kazi, liache. Viwavi wake hula majani ya miti huko nje. Zima taa, fungua dirisha, litatoka lenyewe.

Nitumie picha ya rafu ukishazimaliza. Msalimie baba watoto.

Mama yako,
Tanga