Dawa ya ng'ombe kwa punda? Soma chupa kwanza

Mkuu, umeuliza kama dawa ya kupe iliyobaki baada ya kuogesha ng'ombe unaweza kumpulizia punda wako wa kubebea maji hapo Chamwino. Subiri. Soma kibandiko: ukikuta amitrazi (kemikali ya kuua kupe), iache. Ng'ombe anaivumilia, ila kwa punda na farasi inasimamisha utumbo. Kinyesi kinakata, anajigaragaza kwa maumivu, na anaweza kufa.

Afadhali dawa zenye sipamethrini au deltamethrini, lakini kipimo akupe daktari wa mifugo, usikisie kwa kifuniko. Vaa glovu, umpake kwa kitambaa, ukwepe macho, pua na vile vidonda vya kamba za mkokoteni.

Halafu kagua kwa mkono. Kupe hupenda kujificha: ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye manyoya ya shingo, mapajani. Wangu nilimtoa 11 sikio moja tu, na alikuwa anatikisa kichwa wiki nzima nikidhani ni nzi! Shika kupe karibu na ngozi, vuta taratibu bila kumpasua. Mafuta ya taa usiyaguse.

Punda akiwa na homa, ufizi wa njano au mkojo mweusi, mwite daktari siku hiyohiyo.