Trei Moja, Mikono Minne: Maswali Yenu Kuhusu Miche ya Nyumbani

SWALI: Hamjambo wahariri. Mimi na mume wangu tunaotesha nyanya na sukuma wiki sebuleni. Nyanya ziliota vizuri siku ya sita, lakini wiki moja baadaye miche ikaanza kulala. Shingo imekuwa nyembamba kama uzi, na nusu ya trei imekwisha. Maji tunayo, udongo hatuuachi ukauke hata siku moja. Tumekosea wapi?
Mke na mume, Nakuru

JIBU: Hatujambo, Mama. Kosa liko hapo hapo penye maji. Ugonjwa huo ni kinyausi. Unaletwa na vimelea vya jamii ya kuvu vinavyoishi udongoni, na vinashamiri udongo ukiwa umelowa, una baridi na haupitishi hewa. Shina linaoza pale linapogusa udongo. Mche ulioanguka hauinuki tena, kwa hiyo ung'oeni pamoja na udongo wake, na majirani zake pia hata kama bado wanaonekana wazima.

Nyumba yenye wapenzi wawili wa miche ina hatari yake: trei inamwagiliwa mara mbili. Mmoja anamwagilia kabla ya kwenda kazini. Mwenzake anarudi jioni, anaona uso wa udongo umekauka, anaongeza kikombe. Kumbe chini ni tope. Basi maji yawe zamu ya mtu mmoja wiki nzima, kisha mbadilishane. Mwenye zamu asitegemee macho, ainue trei. Inueni wote wawili ikiwa imetoka kunywa maji, halafu muinue tena udongo ukishaanza kupauka, mikono ya kila mmoja ijue tofauti ya uzito. Mkishaijua, hamtakosea tena.

Maji yaingie kutoka chini. Wekeni trei ndani ya karai lenye maji ya kina cha sentimita 2, dakika 15 hadi 20, kisha itoeni ichuje. Fanyeni hivyo asubuhi. Usiku wa Nakuru una baridi, na trei iliyolowa jioni inalala na baridi hiyo hadi kunapambazuka.

Mkianza upya, tumieni udongo debe 2, samadi iliyooza kabisa debe 1 na mchanga wa mto debe 1, vyote vichekechwe. Samadi inayonuka bado haijaiva, nayo itaunguza mizizi michanga. Udongo wa shamba upikwe kabla ya kuchanganywa: ulowesheni kidogo, utieni kwenye sufuria kuukuu lenye mfuniko, moto uwe mdogo. Fukieni kiazi kidogo katikati. Kikiiva hadi njiti ya kibiriti inapenya bila kusukumwa, udongo nao umeiva. Uacheni upoe hadi kesho yake. Trei ya zamani isuguliwe kwa sabuni, kisha ikae dakika 10 kwenye maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, kipimo 1 cha dawa kwa 9 vya maji, halafu isuuzwe vizuri.

SWALI: Miche yetu ya sukuma ni mirefu, myeupe shingoni, na yote imeinamia dirishani. Je, tuongeze mbolea?
Wachumba, Njoro

JIBU: Mbolea itairefusha zaidi. Miche hiyo ina njaa ya mwanga. Kwetu huku karibu na ikweta jua la adhuhuri liko utosini, kwa hiyo linaishia kwenye mabati na haliingii ndani. Dirisha zuri ni la mashariki, linalopata jua la asubuhi mwaka mzima. La kaskazini linafaa kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba, la kusini miezi inayobaki. Geuzeni trei kila siku.

Kuna wanaonunua taa. Taa nyeupe ya LED inafaa ikining'inizwa sentimita 8 hadi 10 juu ya majani na kuwaka saa 14 kwa siku. Sisi tungeokoa pesa hizo: mbegu ikishatoa majani, trei iende barazani mchana na irudi ndani usiku. Ianze na saa moja ya jua la asubuhi, muongeze kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Miche mliyo nayo bado inaokoka. Ihamishieni kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, shina lifukiwe hadi karibu na majani yale mawili ya kwanza.

SWALI: Hoho tulizipanda wiki mbili zilizopita, hakuna hata moja. Mume wangu anafukua kila jioni kuangalia.
Mama, Molo

JIBU: Baba aache kufukua, kimzizi kinavunjika kabla hamjakiona. Hoho inataka udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Kwa baridi ya Molo inaweza kuchukua wiki tatu au zaidi. Wekeni trei juu ya friji au karibu na ukuta wa jiko, mbegu iwe kina cha sentimita 1. Ya kwanza ikichungulia tu, trei ihamie penye mwanga siku hiyo hiyo.

SWALI: Mbegu za managu (mnavu) tulizokamua wenyewe kwenye matunda hazioti. Na mboga ya saga (mgagani) je, tuioteshe kwenye trei?
Mke na mume, Kisumu

JIBU: Nyama ya tunda la managu, au osuga, inazuia mbegu kuota. Pondeni matunda yaliyoiva ndani ya maji, yalale usiku mmoja, mmwage vinavyoelea, kisha muoshe mbegu zilizozama hadi zisiteleze vidoleni. Zianikeni kivulini. Ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganyeni na mchanga mkavu mnapozimwaga, na mzifunike kwa nusu sentimita tu.

Saga msiihangaikie na trei. Ina mzizi mkuu usiopenda kuhamishwa, kwa hiyo ipandeni moja kwa moja shambani. Tena mbegu iliyovunwa juzi huwa bado imelala. Ihifadhini pakavu miezi kadhaa kabla ya kuipanda.