Uvimbe Unaodunda Kiganjani mwa Mtoto: Kwa Wanagenzi Wapya wa Upasuaji

Ukianza zamu kwenye kliniki ya watoto hapa Mombasa, utaonyeshwa vivimbe vya mikono hadi uchoke: majipu, miiba ya samaki iliyovunjikia ndani, vipande vya chupa na matumbawe kwa wale wanaoshinda ufuoni. Kwa sababu hiyo aneurizimu, yaani ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) iliyotanuka ikawa kifuko, ni rahisi kuitwa jipu. Ni ugonjwa wa nadra sana kwa mkono wa mtoto, na anayeupasua bila kujua atakutana na damu asiyoitarajia.

Kabla ya kuomba kisu, weka kidole. Uvimbe ukidunda sambamba na moyo, au ukinywea unapobana ateri kwenye kifundo cha mkono, usiuchome hata sindano ya kutafuta usaha. Wala usitulie kwa kuwa haudundi: damu ikiganda ndani, mdundo hupotea, na hapo hufanana na ganglioni (kifuko cha majimaji ya kiungo) au uvimbe wa mafuta. Tazama ncha za vidole. Kwenye ngozi zetu weupe wa kukosa damu haujitangazi, kwa hiyo angalia kucha na uguse kama kuna ubaridi. Kidole baridi chenye kidoa cheusi huenda tayari kimepokea bonge la damu kutoka kwenye kifuko.

Muulize mama kama mtoto alijikata, aliangukia kiganja, au aliwahi kulazwa akawekewa mpira kwenye ateri. Muulize pia kama bibi amemkanda. Pwani uvimbe haukosi mafuta ya nazi, na ukiuliza kwa ukali utajibiwa hapana. Kukanda kunaweza kusukuma mabonge hadi vidoleni, ndiyo maana jibu la kweli lina thamani.

Ukuta wa ateri una tabaka tatu. Baada ya jeraha, damu huvuja na kujijengea kifuko kisicho na tabaka hizo. Hiyo ni aneurizimu bandia. Ya kweli ni ukuta wenyewe kutanuka, na ikimtokea mtoto asiyeumia popote, usikimbilie mkono. Fikiria ugonjwa wa Kawasaki (homa ya watoto inayovimbisha mishipa ya damu), Ehlers-Danlos ya mishipa (ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha kuta za mishipa), vaskulitisi nyingine, yaani kuta za mishipa kuwaka na kuvimba, au maambukizi ya vilango vya moyo. Mpige moyo altrasaundi na uangalie mishipa mingine. Mwenye Ehlers-Danlos ya mishipa ana ateri zinazochanika mikononi mwa mshonaji, na hilo ni afadhali ulijue mapema.

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi ya dopla, inayoonyesha na kusikizisha damu ikitembea: haina mionzi, na mtoto hupimwa akiwa amepakatwa. MRI, picha ya sumaku, huonyesha ramani nzuri zaidi, ila mdogo mara nyingi atahitaji dawa ya usingizi ili atulie.

Swali gumu ni hili: mkono utaishi bila ateri hiyo? Kiganja hulishwa na matao mawili, la juujuu likitegemea zaidi ateri ya upande wa kidole cha mwisho, la ndani ateri ya upande wa gumba. Kuna watu ambao matao hayo hayakuungana sawasawa. Edgar Allen alieleza kipimo chake mwaka 1929, na siku hizi hufanywa hivi: funga ngumi, bana ateri zote mbili, fungua, achilia moja, tazama rangi. Mtoto wa miaka miwili hatakufungia ngumi kwa amri. Ikunje wewe, na usikilize kila kidole kwa dopla huku umebana ateri yenye ugonjwa.

Mkiwa thieta, chumba cha upasuaji, inua mkono ili damu ishuke, kisha funga mkanda wa kubana. Usiviringishe bandeji ya mpira juu ya kifuko. Utakuwa unakanda kama bibi. Ishike ateri juu na chini kabla ya kugusa kifuko, na uitenge neva iliyolala kando yake. Ukishakitoa, acha vibanio kwenye ncha mbili, legeza mkanda, subiri. Nje jua la Mombasa, ndani kiyoyozi: ateri za mtoto hujikunyata kwa baridi. Mwagia maji ya chumvi ya uvuguvugu kabla ya kusema damu haifiki.

Vidole vyote vikirudi rangi na dopla ikasikika, kufunga ncha kunatosha kwa wengi. Wapo wanaounga ateri kila mara, kwa kuwa mkono huo bado utakua. Mimi naunga ncha zikikutana bila kuvutana, au kwa kipande cha vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) kilichogeuzwa ili vilango vyake visizuie damu, mradi hadubini ipo na aliyeishika amezoea uzi mwembamba sana wa 9-0 au 10-0. Pasipo hayo, mpe rufaa. Kifuko kipeleke maabara hata kama una uhakika.

Ukifunga bandeji, acha ncha za vidole wazi. Mfundishe mama kubana ukucha na kutazama wekundu unavyorudi. Kidole kikipoa au wekundu ukichelewa, aje usiku huohuo, hata kama anatoka Likoni, ng'ambo ya feri, na siku ya kliniki ni kesho.